Mwanga wa uso: mwongozo kamili wa kupanga taa kwa video na televisheni, kwa wanaoshuti Dar es Salaam

Mwaka wangu wa kwanza wa kushuti kwa malipo nilitumwa Manzese kumhoji mama mmoja, fundi cherehani. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha lilikuwa nyuma ya cherehani yake, na nje jua la saa 5 asubuhi lilikuwa limeshapamba moto. Nikamwacha akae pale pale alipozoea, mgongo dirishani, nikarekodi dakika 40. Tulipomaliza nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Alitazama kimya kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona umenipiga kivuli? Vitambaa naviona, dirisha naliona. Mimi niko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kamera ilipima mwanga wa dirishani ikaridhika, na mimi nikaridhika pamoja nayo. Tangu siku ile kila kazi yangu ya taa huanzia usoni, vingine vinafuata. Nitaeleza hapa utaratibu ninaoutumia kwenye chumba cha mahojiano, kwa sababu ndiyo kazi inayotujia mara nyingi zaidi: makala za mashirika, vipindi vya TV, chaneli za YouTube, hata filamu zetu ambazo nusu yake watu wamekaa sebuleni wanazungumza. Ukikiweza chumba kimoja kidogo chenye mtu mmoja, studio kubwa haitakutisha.

Kwanza, elewa ngozi yetu inavyopokea mwanga

Kuna kosa nimeliona kwenye seti nyingi: uso wa mtu mweusi ukionekana hafifu, mtu wa taa anaongeza nguvu ya taa. Anaongeza, anaongeza, mwishowe ukuta wa krimu nyuma unang'aa kama bati jipya, shati jeupe limeungua, na uso bado hauna umbo.

Ngozi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga unaoifikia. Kinachoipa umbo kwenye kamera ni mng'ao wake, yaani ule mwanga unaoteleza juu ya shavu, kwenye paji la uso, kwenye taya, na kurudi kwenye lenzi. Mng'ao huo ni kama kioo: unaonyesha umbo la kile kinachomulika. Taa ndogo tupu itakupa doa dogo kali la jasho kwenye paji. Kitambaa kikubwa cheupe kilichomulikwa kitakupa mng'ao mpana unaoshuka taratibu kutoka shavuni hadi shingoni, na hapo ndipo uso unapotokeza. Kwa hiyo maswali yako ya kwanza yawe mawili: chanzo cha mwanga kina ukubwa gani, na kimekaa upande gani. Swali la wati ni la mwisho.

Mazoea tuliyorithi hayakutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilisambazia maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaja kujulikana kama kadi za Shirley. Uso wa aina hiyo ndio uliokuwa kipimo cha ngozi iliyotoka sawasawa. Filamu za mkanda zimeondoka, lakini ushauri wa zama zile bado unazunguka, nami nitaugusa tena tukifika kwenye kupima mwanga.

Hatua ya 1: nenda ukakione chumba mapema

Nenda saa ile ile mtakayoshuti. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na hilo lina maana kubwa kwa madirisha. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linaloangalia kusini halipati jua la moja kwa moja kutwa nzima. Mwanga wake ni mtulivu, unaweza kukaa nao saa 3 bila kubadilika sana. Dirisha la mashariki ni zuri mchana na ni balaa asubuhi. La magharibi ni kinyume chake.

Ukiwa pale angalia vioo. Nyumba nyingi za mjini zina madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya rangi, vya bluu, kijani au kahawia. Mwanga ukipita hapo unabeba rangi hiyo hadi usoni, kwa hiyo telezesha kioo uache uwazi. Angalia nondo: jua likipiga moja kwa moja, kivuli cha nondo kitaanguka kifuani kwa mtu wako kama yuko mahabusu. Angalia na rangi ya ukuta. Vile vyumba vilivyopakwa rangi ya mafuta nusu ya chini, kijani au bluu, hurudisha rangi hiyo kwenye taya na shingo, na utahangaika kuitoa wakati wa kuhariri. Tupia kitambaa cheupe au cheusi juu ya sehemu iliyo karibu na mtu, nje ya fremu.

Hesabu soketi. Uliza kuhusu LUKU. Na kama ni uani au mtaani, mjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hujashusha stendi.

Hatua ya 2: zima kila kitu, kisha ongeza kimoja kimoja

Ukishaingia siku ya kazi, zima taa zote za chumba. Funga mapazia. Simama gizani dakika moja. Halafu fungua dirisha moja, au washa taa yako moja, uone inafanya nini peke yake. Ukianza na chumba kilichowaka taa nne hujui kivuli kipi ni cha nani.

Zima pia pangaboi. Likiwa chini ya taa ya dari, panga zake hukatakata mwanga na picha inapepesa. Halafu sauti yake itaingia kwenye maiki.

Hapa kuna jambo la umeme ambalo ni lazima ulijue. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na taa nyingi zinazoendeshwa nao hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, na mistari inayotembea kwenye picha itaondoka. Simu nyingi hutoka zimewekwa fremu 30. Badilisha, na kama programu ya kamera ya simu yako haikuruhusu kushika shata mwenyewe, tafuta inayoruhusu. Ikiwa mwanga ni mwingi unaweza kupanda hadi 1/100 bila tatizo.

Taa za LED za bei nafuu zina ugonjwa mwingine: ukizipunguza mwanga kwa kitufe, hupepesa kwa kasi yake yenyewe isiyofuata hezi 50. Kabla hujalipia, omba uijaribu dukani. Ipunguze hadi robo, irekodi kwa simu katika hali ya mwendo wa polepole. Ukiona picha inawaka na kuzima, iache hapo hapo.

Hatua ya 3: chagua rangi moja ya mwanga

Mwanga una joto la rangi, linalopimwa kwa kelvini. Taa za halojeni za studio ni 3200, mwanga wa mchana huchukuliwa kuwa 5600, balbu ya njano ya sebuleni ni kama 2700 hadi 3000, na tyubu nyeupe nyingi za maofisini hufika 6500. Ukichanganya dirisha na balbu ya njano, shavu moja litakuwa la bluu na jingine la chungwa, na kwenye ngozi nyeusi mchanganyiko huo hugeuka kuwa kijivu kama majivu.

Amua nani mwenye chumba. Kama ni dirisha, weka taa zako 5600 na uzime balbu. Kama unataka ile balbu ya sebuleni ionekane kwenye picha kama pambo, iache, lakini isimulike uso. Kisha weka waiti balansi, yaani ionyeshe kamera kipi ni cheupe, kwa mkono: karatasi nyeupe isiyo na mistari, ishikwe pale pale usoni, chini ya taa kuu. Usiiache kwenye otomatiki, maana itabadilika mtu akinyanyua mkono tu.

Kwenye boksi la taa tafuta namba ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu. Nataka 95 kwenda juu. Taa iliyo chini ya hapo mara nyingi ina upungufu wa wekundu, na wekundu ndio uhai wa ngozi ya kahawia.

Hatua ya 4: taa kuu

Hapa ndipo pa kutulia. Nikiwa na dakika 30 za kupanga taa, 20 ninazitumia kwenye taa hii.

Mkalishe mtu mbali na ukuta kadiri chumba kinavyoruhusu, angalau mita 2. Mwulizaji akae pembeni ya kamera, karibu na lenzi. Taa kuu iweke upande ule ule anaoangalia mhojiwa, ng'ambo ya mwulizaji, ili kamera iwe upande wa kivuli. Kwa mpangilio huo shavu la mbali linapata mwanga, la karibu linashuka taratibu kuelekea gizani, na uso unakuwa na mlima na bonde. Ukiiweka taa upande wa kamera, uso unakuwa bapa kama picha ya pasipoti.

Anza na nyuzi 45 pembeni na juu kidogo ya macho. Halafu tazama mambo mawili. Kivuli cha pua kishuke kuelekea pembe ya mdomo bila kuugusa. Na ndani ya kila jicho uone kile kidoa cheupe, taswira ya taa. Macho yasiyo na kidoa hicho yanaonekana kama ya mtu aliyechoka na maisha. Kwa watu wenye paji lililotokeza na macho ya ndani, shusha taa hadi kidoa kirudi, hata kama kanuni ya kitabu inasema vingine.

Kwa ngozi nyeusi sana mimi huisogeza taa pembeni zaidi, nyuzi 60 hata 70, na kuifanya kubwa. Mwanga ukitokea pembeni huteleza juu ya shavu na kurudi kwenye lenzi kama mng'ao. Jaribu mbele ya kioo cha kamera: mtu akae, msaidizi azungushe taa polepole kumzunguka, nawe utaiona nukta ambapo uso unafunguka ghafla.

Ukubwa wa chanzo si lazima ununuliwe. Softiboksi, lile boksi la kitambaa linalovishwa taa ili kulainisha mwanga, ya sentimita 90 ni nzuri. Shuka jeupe safi lililotandazwa kwenye fremu ya mbao na kumulikwa kwa nyuma linafanya kazi ile ile, mradi liwe jeupe kweli, lisiwe na weupe wa njano. Chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili dirishani hupunguza jua kali na kulilainisha kidogo. Nunua cha kazi, usikivue cha kitandani kwa watu. Shuka na chandarua hivyo visikaribie taa ya halojeni. Taa ya wati 800 inaunguza kitambaa, na inamuunguza mhojiwa pia. Glovu ni lazima kwa anayebadilisha balbu yake, kwa sababu mafuta ya kidole kwenye kioo huifanya ipasuke ikipata moto.

Sasa hesabu moja ambayo imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote. Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara 2, mwanga unabaki robo. Tuseme ukuta wa krimu uko mita 2 nyuma ya mhojiwa. Taa ikiwa mita 3 kutoka usoni, ukuta uko mita 5 kutoka kwenye taa, nao unapata zaidi kidogo ya theluthi moja ya mwanga wa usoni. Kwa ukuta mweupe hiyo ni nyingi, utaushinda uso. Isogeze taa hadi mita 1 kutoka usoni, ipunguze nguvu, na sasa ukuta uko mita 3: unapata sehemu moja tu ya 9. Chumba ni kile kile, rangi ni ile ile, lakini mtu ametokeza na ukuta umerudi nyuma. Ndiyo maana nasema taa iingie karibu kabisa, iguse ukingo wa fremu. Na ikiwa karibu, kwa macho ya mhojiwa ni kubwa zaidi, kwa hiyo ni laini zaidi. Unapata mawili kwa kusogeza stendi hatua tatu.

Hatua ya 5: kujazia, au kupunguza

Upande wa kivuli usikimbilie kuweka taa ya pili. Weka ubao mweupe wa stairofomu, ule unaotumiwa na mafundi wa mapambo ya harusi, usogeze na kuurudisha hadi kivuli kiwe na maelezo. Kwa mahojiano ya kawaida upande wa kivuli uwe takriban nusu ya ule wa mwanga. Kwa simulizi nzito ushushe hadi robo.

Katika vyumba vyeupe vidogo shida huwa kinyume: kuta zenyewe zinajazia kupita kiasi. Hapo tundika kitambaa cheusi upande wa kivuli, karibu na shavu. Kinanyonya mwanga na kurudisha umbo. Kipande cha mita 3 kinakaa kwenye begi langu siku zote.

Hatua ya 6: taa ya nyuma

Iweke juu, nyuma ya mtu, upande ulio kinyume na taa kuu, ichore ukingo mwembamba kichwani na mabegani. Kwa mama aliyevaa buibui nyeusi mbele ya ukuta wenye giza, taa hii ndiyo inayomtenganisha na ukuta, na kwake iongeze kidogo. Kwa mzee mwenye upara ipunguze sana. Hakikisha haimuliki pua kwa pembeni wala haiingii kwenye lenzi. Kipande cha kadi nyeusi kilichobanwa kwa vibanio vya nguo kinatosha kuizuia.

Hatua ya 7: pima kwa uso

Miongozo mingi itakuambia weka zebra 70 kwenye ngozi, yaani ile mistari ya kwenye kioo cha kamera ionyeshe ngozi imefika asilimia 70 ya mwangaza. Kipimo hicho ni cha ngozi nyeupe. Ukimpandisha mtu mweusi hadi 70 utakuwa umembadilisha rangi. Kwa picha ya kawaida, isiyo ya logi (ile picha iliyopauka inayosubiri kupangwa rangi wakati wa kuhariri), mimi huacha sehemu kubwa ya uso kati ya asilimia 40 na 55, na ule mng'ao wa paji na shavu ufike 60 au zaidi kidogo. Kwanza pima uso, ufunge kipimo hicho kwenye kamera. Ndipo ushughulike na vinavyozidi: ukuta, dirisha, nguo.

Nguo ndiyo inayosumbua zaidi, hasa kanzu nyeupe. Mzee amekuja amependeza na kanzu na kofia, huwezi kumwambia akabadilishe. Shusha kipande cha kitambaa cheusi mbele ya sehemu ya chini ya taa kuu, ili mwanga wa kifuani upungue na wa usoni ubaki. Miwani: pandisha taa, kisha muombe kwa adabu, "Mzee, naomba nikunyanyulie kidogo mikono ya miwani nyuma ya masikio," kioo kiiname chini na mng'ao uondoke. Jasho, ambalo kwa joto la hapa halikosi: gusa kwa tishu, usifute. Poda iwe isiyo na rangi. Ile nyeupe huacha majivu usoni na taa itayaonyesha.

Ukiwa nje

Jua la Dar halina subira. Hupanda karibu wima na kushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu wa jioni ni mfupi, na jua likishazama una kama dakika 20 tu kabla ya giza. Panga shoti muhimu kwanza. Na kumbuka Coco Beach inaangalia mashariki: jua huchomoza baharini asubuhi, ila jioni huzama nyuma yako, upande wa mji. Nimeona mteja amepanga siku nzima akisubiri machweo juu ya maji pale.

Mchana, jua huwa juu kabisa kati ya saa 6 na saa 7, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hukaa utosini hasa. Macho yanakuwa mashimo. Usipigane nalo. Tafuta kibaraza. Mkalishe mtu ndani ya kivuli, kama mita moja kutoka ukingoni, aangalie nje. Anga lote na ardhi iliyomulikwa mbele yake ndivyo taa yako kuu, na nyuma yake mlango ulio wazi unatoa giza zuri la ndani ya nyumba. Mchanga au saruji mbele ya kibaraza hujazia kutoka chini, chini ya kidevu na ndani ya macho, bila gharama yoyote. Yule mama wa Manzese nilimrudia wiki iliyofuata nikambebea cherehani hadi kibarazani. Sikuwasha taa hata moja. Alipojiona akacheka, akamwita jirani aje amwone.

Chini ya mwembe au mwarobaini kuwa mwangalifu: majani hupitisha madoa ya jua na rangi ya kijani. Tandaza shuka jeupe juu ya kichwa, nje ya fremu.

Umeme na usalama

Gawanya wati kwa volti upate ampea. Plagi yetu yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba chini kidogo ya wati 3000, lakini nyaya za nyumba ya zamani usiziamini hadi huko. Mimi naishia nusu kwa kila soketi. Ekstensheni ya kuzungusha ifungue yote, kwa sababu waya uliobaki umejiviringa hupata joto hadi kuyeyuka. Stendi iwekee mfuko wa mchanga mguuni, sandarusi iliyofungwa vizuri inatosha. Nyaya zibandike sakafuni kwa utepe wa kitambaa wenye gundi, watoto wa nyumba hawakai kimya.

Taa mbili za wati 300 kwa saa 4 zinakula uniti 2.4. Si nyingi, lakini ni za mwenye nyumba. Nunua tokeni ya LUKU mwenyewe kabla ya kuanza, uingize zaidi ya utakachotumia, ili kurekodi kusikatike katikati ya maneno ya mtu.

Kitambaa cha kijani

Hiki ni kile cha kuweka nyuma ya mtu ili mandhari ibadilishwe kwenye kompyuta. Kwa ufupi: kimulike peke yake kwa taa mbili laini, moja kila upande, kiwe sawa pembe hadi pembe. Mtu asimame mita 2 mbele yake au zaidi ili kijani kisimrudie mabegani. Kipigwe pasi, kila kunjo ni kivuli utakachokikuta kwenye kompyuta usiku wa manane.

Mkimaliza

Acha halojeni zipoe dakika 15 kabla ya kuzibeba. Kama mlikuwa ufukweni au Kigamboni, futa stendi na viungio kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi haisubiri kesho. Na kabla hata hujasogeza kiti cha kwanza asubuhi, piga picha ya chumba kwa simu. Jioni ifungue hiyo picha, urudishe kochi, zulia, kalenda na ua la plastiki kila kimoja mahali pake, kisha mwite mwenye nyumba akague.